Mwezi Juu ya Taa za Dagaa

Binti mtunga programu wa Buzebazeba, mtaa wa kando ya ziwa, hufuta kioo cha simu kwa ncha ya kanga kabla ya kila jaribio, na kila anachojifunza hujisomea kwa sauti anapokiandika: "Rangi kwanza, mwanga baadaye." Mchoro ukigoma, huguna, kisha hucheka peke yake. Leo asubuhi ziwa alilolichora kwa programu lilimkubalia: mawimbi yakacheza kiooni, taa za wavuvi wa dagaa zikameremeta, na mwezi mpevu ukawaka juu ya maji. Akakimbia kumwonyesha jirani yake mvuvi, Mzee Oswald.

"Mwanangu, mwezi ukiwaka hivi dagaa hawafuati taa. Sisi huwa tumelala nyumbani."

Kidole cha binti kikaenda haraka kuufuta mwezi. Mzee akamshika mkono.

"Uache tu. Tangu nianze uvuvi, sijawahi kuuona hivi nikiwa kazini."