Telegramu Zilizoingia Zisifike

Nakumbuka asubuhi moja ya masika Bi Zaituni alipoingia ofisini kwetu, akakaribishwa kiti asikae. Wakati huo nilikuwa karani kijana katika shamba moja la mkonge upande wa Kilosa, jina lake tuliache. Kazi yangu ilikuwa kupokea telegramu tulizosomewa kwa simu na posta, kuziandika, kisha kuzipanga katika visanduku vya ukutani, kila kijiji na kisanduku chake. Hamisi, tarishi wetu, alizichukua humo akazipeleka kwa baiskeli.

Uliponieleza juzi, mwanangu, kwamba barua pepe zinaingia vizuri kwenye seva yenu, ila skripti yako, ile programu uliyoiandika ya kuzipanga, inameza nyingine bila kutoa hata onyo, na kwamba umeazimia kuifuta uiandike upya, nilimkumbuka mama huyo. Mambo ya Unix, hiyo mitambo ya kompyuta zenu, siyajui, siwezi kujidai. Lakini ujumbe ulioingia usifike, huo naujua.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Mwanangu amelazwa Mikumi. Ameniita kwa telegramu zaidi ya mara moja, mimi sina habari. Leo ndiyo naambiwa na dereva wa lori."

Meneja akamwita Hamisi, mtu mpole mwenye watoto wadogo, ambaye siku hizo alilalamikiwa sana.

"Unazitupa porini?"

"Sijatupa hata moja, bwana."

Meneja akasema jioni achukue chake aende. Mimi nikadakia kwamba huenda waya wa simu ni mbovu, ubadilishwe wote. Kila mmoja wetu alikuwa na dawa mkononi. Ugonjwa hakuna aliyeuona.

Mzee Chibehe, karani mkuu, Mkaguru wa milimani aliyesomea misheni, akavua miwani. "Binti, huo waya umeuona ulipokatika?"

"Hapana, mzee."

"Na huyu, bwana meneja, nani amemwona akitupa? Basi tusitibu tusichokiona. Mwenda pole hajikwai."

Akapiga simu posta, akawaomba watusomee telegramu ya kujaribu, iliyoandikiwa kijiji cha Bi Zaituni. Nikaipokea. Akalinganisha maandishi yangu na maneno ya posta, hakuna lililopotea. Waya ulikuwa mzima.

"Sasa iweke unavyoweka siku zote," akasema. "Usibadilishe kitu kwa sababu nakutazama."

Nikatafuta kisanduku cha Jitegemee, kijiji cha mama huyo. Hakikuwapo. Watu walikuwa wamehamia kijiji kipya cha ujamaa na kukipa jina hilo, nasi visanduku vyetu bado vilibeba majina ya mahame. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kisanduku cha chini kabisa, cha zisizojulikana kwao, kama nilivyofundishwa. Hicho Hamisi hakukigusa, maana hakuna aliyemwambia akiguse. Kikijaa, tulifunga bahasha tukazirudisha posta, wala hatukumwarifu mtu.

Hakuna aliyeiba, hakuna aliyetupa. Kila mtu alifuata alichoagizwa. Agizo ndilo lililopitwa na wakati.

Mzee Chibehe akainama, akapekua, akazitoa telegramu za Bi Zaituni na kumsomea polepole. Meneja akamwomba Hamisi radhi mbele yetu, kwa sauti ndogo, lakini aliomba. Kisha Bi Zaituni akapandishwa lori la shamba hadi Mikumi. Alimkuta mwanawe hai, wakakaa pamoja siku chache, ndipo kijana akafariki.

Aliporudi nilikwenda kumpa pole. Akaniambia, "Mimi nilimkuta, binti. Kuna wenzangu humo kisandukuni waliokuta makaburi."

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Usiifute skripti yako kwanza. Jitumie barua moja unayoijua neno kwa neno, uifuate kila inapopita: ilipopokelewa, iliposomwa, ilipopangwa. Iache seva iiendeshe skripti yenyewe kama siku zote, kwa maana kinachofanya kazi mbele ya macho yako huenda hakifanyi ukiwa hupo. Ukibadilisha, badilisha kitu kimoja, ujaribu tena, ndipo ugeukie kingine. Na barua isiyotambulika usiiache itumbukie mahali pasipo na mtu wa kuiangalia. Skripti na ipige kelele, hata kama kelele hizo zitakuudhi wewe mwenyewe. Tena usimtaje mwenzako kwa ubaya kabla hujafika mwisho wa njia hiyo, kwani kibarua cha mtu kikishaota nyasi, radhi haiwalishi watoto wake.

Mungu akujalie jicho lenye subira na mkono usio na pupa, na kila anayeita kupitia kazi yako asikike angali hai.