Shughuli ya Zaliha

Siku hizi duka langu la zipu na vifungo liko ghorofa ya tatu, ndani ya jengo la vioo lililomeza nyumba nne za zamani hapa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Kodi inanitoa roho, na wateja hawapendi ngazi. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba ninapoikumbuka baraza ya Mzee Taimur, mwenye moja ya nyumba hizo, naikumbuka kwa uchungu. Pale chini mimi nilikuwa na meza yangu, na pembeni yangu Bi Sitara na cherehani yake ya kukanyaga. Miaka ishirini na tisa tulikaa bega kwa bega, tukimsengenya kila aliyepita.

Kila baada ya miezi michache alikuja Moinaesha kutoka kisiwa cha Ngazija, kununua madera na vitenge vya kwenda kuuza kwao. Boti ikichelewa alishinda na sisi barazani, tunakula mihogo, yeye anakicheka Kiswahili chetu na sisi tunakicheka chake. Mume wa Bi Sitara alipofariki, Bi Sitara aliingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Mafundi wengine wakaanza kuimezea mate nafasi yake. Moinaesha akaiacha boti iondoke bila yeye, akakaa kwenye cherehani ile mpaka eda ikaisha, na kila jioni alimpelekea rafiki yake mapato yote ya siku. Ushonaji wake ulikuwa wa ajabu: anakanyaga mara tatu, anasimama, anakanyaga tena mara tatu. Mimi ulikuwa unanikera.

Mwaka jana Moinaesha alifariki huko kwao. Tukasikia kwamba binti yake, Zaliha, amebaki na watoto watatu na hana kazi. Kushona anajua, alifundishwa na mama yake kwa cherehani ya jirani, ila ya kwake hana. Bi Sitara anatumia kitochi, simu ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo alipanda mpaka dukani kwangu, akaniamuru niandike kwa jina lake kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa mtaa: "Nina shughuli ya Zaliha, naomba mchango wenu."

Kariakoo ukisema shughuli, watu wanasikia harusi. Wakaanza kuuliza sare ni rangi gani. Suud, yule wa duka la vitambaa, alimpigia Bi Sitara simu kabisa kumpongeza na kuuliza bwana harusi ni mtu wa wapi.

"Hakuna bwana harusi," Bi Sitara alimjibu. "Namtafutia mtoto wa mwenzangu shughuli ya kufanya. Harusi zenu zote nimechanga, na mimi sina mtoto wa kuoza. Basi shughuli yangu ndiyo hii."

Suud alitoa majora mawili ya kitambaa cha sare za shule. Candida wa nyuzi akatoa katoni nzima. Mimi, nisiseme uongo, nilitoa kwa kununa. Nilimwambia Bi Sitara kwamba maskini wamejaa hapo Mchikichini, ya nini kuvuka bahari kuwatafuta wengine.

"Bushiri, wewe ulikuwepo," akasema.

Niliona haya, nikaongeza boksi la zipu.

Kila kitu kikapatikana isipokuwa cherehani yenyewe, na boti ilikuwa inaondoka Alhamisi. Jumatano asubuhi nilimkuta Bi Sitara kwenye kichochoro alichohamia baada ya baraza kuvunjwa, anaipaka mafuta cherehani yake. Nikaelewa, nikakasirika. Nilimuuliza atakula nini. Akasema pindo na vifungo vinashonwa kwa mkono tangu dunia iumbwe, na nikasaidie kuipakia kwenye mkokoteni badala ya kupiga kelele. Alitembea nyuma ya mkokoteni, mkono juu ya cherehani, mpaka kwenye kona, halafu akauachia uende. Nililia mbele ya msukuma mkokoteni bila aibu.

Juzi simu yangu ikaleta ujumbe wa sauti kutoka Ngazija. Nilifunga duka, nikashuka nao mpaka kichochoroni, ambako Bi Sitara alikuwa anashona vifungo vya shati la mtu. Zaliha alitoa salamu, akasema amepata kazi ya sare za watoto wa shule mbili, kisha akasema, haya shangazi, msikilize mwenyewe. Cherehani ikaanza. Mara tatu, kimya. Mara tatu tena, kimya.

Bi Sitara aliichomeka sindano kwenye shati.

"Mama yake huyo," akasema.

Akaniomba nirudishe mwanzo. Nikarudisha, akaniomba tena, na duka langu huko juu lilibaki limefungwa mpaka adhuhuri.