Muuguzi anayelisoma ini kwenye miguu

Saa moja asubuhi, kabla ya chai, muuguzi anapiga magoti kando ya kitanda cha fundi makochi na kumbonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu. Anakiondoa kidole. Shimo linabaki pale pale.

"Bado?" anauliza fundi.

"Bado, baba. Na leo limezidi la jana." Hana tabia ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wodini wanamwita Dada Kidole. Kazi yake ni kuwauguza watu waliotibiwa saratani ya ini mpaka warudi makwao. Fundi alikatwa kipande cha ini chenye uvimbe, na mshono umefunga vizuri. Ila mwenye kovu usidhani kapoa: ini lililobaki bado ni dhaifu, miguu inajaa maji, na daktari amesema hatoki hadi ipungue.

"Madaktari wanakata, mimi naachiwa kilichobaki," anatania. "Ale, atembee, alale. Ni mambo madogo, lakini hapo ndipo mtu anapopona."

Fundi ana hofu, wala haifichi. "Baba yangu alianza kuvimba miguu hivi hivi," anasema. "Hakurudi nyumbani."

Mchana mkewe anafika na chupa ya supu. Muuguzi anaomba kijiko, anaonja.

"Mama, supu yako tamu. Umetia nini?"

"Chumvi sijatia, mwanangu, tangu mlipotukataza. Nakoleza na vile vidonge vya mchuzi tu. Bila hivyo anageukia ukutani, hali."

"Humo ndimo chumvi ilimojificha, mama. Tele. Ndiyo inayoyashika maji miguuni."

Mama anakaa kwenye ukingo wa kitanda, machozi yanamtoka. "Kumbe nilikuwa nammaliza kwa mkono wangu mwenyewe."

"Ulikuwa unamlisha. Alikuwa haonji hata uji, umesahau? Kesho weka ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Akinuna, mwambie aninunie mimi."

Fundi ananuna kweli. Anaiita supu ya adhabu, lakini anaimaliza. Siku zinapita, dawa nazo zinafanya kazi yake, hadi asubuhi moja kidole kinaondoka na nyama inarudi mahali pake. Daktari anamruhusu.

Ndoto ya Dada Kidole si kubwa. Anataka jiko moja kwenye chumba cha stoo mwishoni mwa wodi, ndugu wa wagonjwa wapike naye kabla ya kuondoka. Ameshaomba mara mbili, hajajibiwa.

"Tunawaambia waache chumvi, basi," anasema. "Namna ya kupika bila chumvi hatuwaonyeshi. Inaniuma."

Fundi ameahidi benchi la hicho chumba. Siku ya kuondoka, wakiwa mlangoni, mkewe anarudi peke yake, anatoa kwenye mkoba pakiti ya vidonge vya mchuzi iliyobaki nusu.

"Kaa nayo wewe, mwanangu. Ikiwa nyumbani, siku akikataa kula nitashindwa."

Muuguzi anaipokea kwa mikono miwili. Siku jiko likija, anasema, ataanza kufundisha na pakiti hiyo.