Pishi ya Matope

Naikumbuka siku moja kule Amani, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiiwaza masikio yanapata moto. Sikukusudia kuisimulia. Nilikusudia kufa nayo. Lakini barua yako imefika jana, nimeisoma mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani, na mara zote imenichosha vilevile.

Unaniandikia kutoka huko ughaibuni, unakosomea barafu za kale, kwamba kipande kimoja kimefika kutoka mlimani kimepasuka na kuyeyuka, na miaka kadhaa ya theluji imepotea humo. Sasa mwenzako anakushauri mjaze pengo kwa kukisia, mkitazama vipande vya juu yake na vya chini yake, na msimwambie mtu, ili mchoro upendeze na shahada isichelewe. Kisha unaniuliza, "Baba, kuna ubaya gani?" Nimekusomesha tangu huwezi kufunga vifungo vya sare, na hilo ndilo swali unaloniletea uzeeni. Haya, kaa kitako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami guu langu lilivunjika zamani, kwa hiyo nazungumza kwa ujuzi.

Babu yako, kama ujuavyo, aliuza nafaka pale Pongwe. Hakuna aliyemwona akipunja. Akipima mahindi, alijaza pishi mpaka ikafanya kichuguu, kisha akaongeza konzi moja juu, kwa jina la Mungu. Watoto wake tulilelewa kwamba chombo kisichojaa ni fedheha ya ukoo mzima, na kwamba siku ya hesabu wapunjaji watakuwa na kazi ya kujieleza. Niliyaamini hayo kama ninavyoamini kwamba jua huchomoza. Bado nayaamini, sokoni.

Basi katika miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nilikuwa kijana mwenye cheti kimoja cha shule na majivuno ya vyeti vitatu. Nikapata kibarua huko Amani, juu milimani. Alikuwako Mzungu mmoja aliyekuja kusoma hali ya hewa ya zamani, si katika barafu kama wewe, bali katika matope ya kinamasi kilichojificha msituni. Vibarua tulimwita Bwana Kinamasi, naye akalipenda jina hilo, maskini. Alitueleza kwamba kila mwaka vumbi, majani na unga wa maua huanguka majini na kuzama, tabaka juu ya tabaka, la kale chini na la jana juu. Anayeyatoa matope hayo bila kuyavuruga anaweza kusoma mvua na kiangazi cha enzi ambazo hakuna babu wa mtu anayezikumbuka. Tulicheka sana. Watu wazima kuchimba matope na kuyafunga kwenye karatasi kama halua!

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Juu ya chelezo katikati ya maji alikaa Mzee Shekiondo, msimamizi wetu, Mshambaa aliyezaliwa vilima hivyohivyo, mtu wa maneno machache. Yeye na wenzake walizamisha bomba la chuma, kila mara chini zaidi ya mara iliyotangulia, wakalivuta, wakanipitishia ukingoni. Mimi nilisukuma matope yaliyomo yakalala katika mwanzi uliopasuliwa, wa urefu wa mkono, nikaandika namba, na juu ni wapi na chini ni wapi. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu ya hati yangu ya mkono. Bwana alikuwa ameahidi kwamba kazi ikiisha atamchukua kibarua mmoja akafundishwe kazi ya maabara. Nilikwisha kumwandikia babu yako kwamba mtu huyo ni mimi. Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo.

Siku hiyo Bwana alilala na homa, nami nilikuwa peke yangu ukingoni. Bomba la saba likaja pungufu. Nusu yake ilikuwa matope, nusu chengachenga kavu zilizochanganyika na mchanga na weusi kama wa makaa, zikimwagika ovyo. Mwanangu, niliona haya kana kwamba nimesimama mbele ya mteja wa baba yangu na pishi iliyopelea. Nikazikung'uta chengachenga zile majini kama apepetaye makapi. Nikachota matope mazuri, meusi, pale ukingoni tulipozoea kukaa tukila mahindi ya kuchoma, nikaujaza mwanzi ukatuna. Nikaandika saba kwa hati nzuri. Wallahi nilijiona mwaminifu.

Bwana alipopona akaifungua mianzi mmoja mmoja. Ndani ya ule wa saba, chini kabisa, akakuta punje ya mahindi. Hujaona mtu mzima akifurahi namna ile. Akasema watu wa milima hii walilima mahindi zamani mno kuliko wasomi wote walivyodhani, na hapohapo akaanza kuwaandikia wakubwa wake barua, ishuke na gari la Jumamosi hadi posta ya Tanga. Akanishika mkono, akaniambia kwa kuwa mwanzi ule ulipita mikononi mwangu, nafasi ya maabara ni yangu.

Nami nikashukuru! Nilijua ile punje imetoka katika gunzi la nani, maana meno yaliyolitafuna ni haya haya, yaliyobaki. Nikanyamaza siku mbili. Nilijiambia kwamba punje moja haimdhuru mtu, kwamba Bwana mwenyewe amefurahi, kwamba baba kule Pongwe amekwisha kuwatangazia majirani. Ukitaka kujua mwongo anavyofanya kazi, usimtazame anapodanganya wengine. Mtazame anapojibembeleza mwenyewe.

Ijumaa, baada ya sala, Mzee Shekiondo alinikuta nikifunga mianzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa.

"Bomba la saba lilikuwa jepesi," akasema. "Nililisikia mkononi."

Nikamwambia ndiyo, lilipelea, nami nikalijaza, kwa sababu kwetu hatumpi mtu kipimo pungufu.

"Babako humpimia mtu atakayekula leo. Matope haya hayaliwi, mwanangu, yanasema. Wewe umemziba msemaji mdomo, ukasema badala yake." Akainuka, akajikung'uta. "Gari linashuka kesho. Mimi sitamwambia Bwana. Aliyejaza ndiye atakayepunguza."

Sikulaumu neno hata moja, ila lile la mwisho nililiona ni ukatili. Angeweza kunisemea. Sasa nimekuwa mzee na mimi, najua angenisemea angenipokonya kitu nisichoweza kukirudisha.

Asubuhi yake nikaenda kwa Bwana kabla gari halijawashwa. Nilimweleza yote, na gunzi pia. Hakufoka, na afadhali angefoka. Akaichana ile barua vipande vinne, akaniuliza zile chengachenga kavu nilizipeleka wapi. Nikamwambia majini. Akakaa juu ya sanduku akashika kichwa kwa mikono miwili, na nilipoona mabega yake yanatikisika nilitamani ardhi inimeze. Kisha akasema nafasi ya maabara imefutwa. Nikamwomba jambo moja tu, niachiwe tuchimbe upya, naye akakubali kwa kutikisa kichwa bila kunitazama.

Tukachimba upya, hatua mbili kando, wiki tatu za mvua na ruba miguuni. Zamu ya bomba la saba ilipofika nilitandika shuka langu la kulalia, jeupe, ili hata chembe isipotee. Likaja pungufu vilevile, na chengachenga zilezile zikamwagika juu ya shuka. Bwana akapiga magoti, akazitazama kwa kioo cha kukuzia muda mrefu. Zilikuwa udongo wa kinamasi kilichokauka mpaka kikapasuka, na majivu ya msitu ulioungua. Kwa miaka mingi mvua ilikuwa imekatika Amani, mwanangu, mahali ambapo sisi hatukumbuki nguo kukauka kambani. Hiyo ndiyo habari aliyovukia bahari kuitafuta, nami nilikuwa nimeipepeta nikaitupa, nikaweka matope mazuri mahali pake.

Nafasi ile hakunipa. Usidhani ukweli hulipa papo kwa papo, huo ni upuuzi wa vitabu vya watoto. Niliingia maabara miaka miwili baadaye, kwa mtu mwingine, kwa sababu Mzee Shekiondo alisema neno lake moja juu yangu. Huko nikadumu mpaka nywele zikageuka rangi, na huko ndiko ilikotoka ada yako.

Sasa nisikilize, maana nimechoka kuzunguka. Njia ya mwongo ni fupi, hata kama mwongo wenyewe ana shahada. Palipo na pengo, andika pengo. Ukilazimika kukisia, kisia, kisha useme kwa herufi zinazosomeka kwamba hapa tumekisia, na kwa njia gani. Kabla ya hapo, rudi ukakitazame hicho kipande kilichoharibika, hata maji yake, ujiulize kwa nini kilipasuka hapo na si pengine. Labda ni uzembe wa wachukuzi. Labda sivyo. Huyo mwenzako mwambie leo, kabla barua yenu haijapata gari la kushuka nalo. Shahada ikichelewa, ichelewe, mimi nitakungoja. Nimewahi kungoja matope.

Nenda basi, mwanangu, hasira zangu zimekwisha. Mola akupe jicho linaloona kilichopo, na ulimi usioona haya kusema sijui. Akulinde na baridi ya huko, akulinde zaidi na sifa usiyoifanyia kazi. Na siku watakapokuja watu ambao hatutawaona, wakasoma ulichoandika, wakute umewaachia kweli, hata kama ni kweli yenye tundu katikati. Amina.