Kumtafutia Elia Chui Milia

Niliondoka London kwa sababu mume wangu, Elia, alifariki bila kumwona chui milia. Simba aliwaona kwetu Tanzania, wakamchosha. Huyu wa milia alimtazama kwenye televisheni hapa Barking, mtaa wetu wa London, akisema, "Tukistaafu tutaenda India." Hakustaafu. Bi Kokila, mwenye duka chini ya fleti yetu, mzaliwa wa Tanga, akaniambia, "Mama Neema, nenda wewe ukamwone kwa niaba yake." Akanitafutia hifadhi ya msitu kule Kerala, akanifungashia na chakula, kana kwamba India hawapiki.

Kutoka Kochi, niliposhukia ndege, barabara ilipanda milima kwa kona nyingi. Nilitapika kwa adabu, ndani ya mfuko.

Alfajiri tuliingia msituni kwa gari la jipu lililo wazi pembeni, mimi na mwongoza wageni, Bwana Rajan, mtu mzima mwenye masharubu. Alinipa sharti moja, kwa Kiingereza: kimya. Tuliona tembo, nao wakatuona. Mbele zaidi palikuwa na nyayo mbichi kwenye tope, na kima wakaanza kupiga kelele mitini. Rajan akazima injini, akanong'ona, "Yuko nyuma ya mianzi." Mianzi ikatikisika. Nikaikamata kofia ya Elia niliyokuwa nimeipakata. Rajan akainuka achungulie, akagonga kichwa kwenye chuma cha paa.

"Pole!" nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika.

Mianzi ikatikisika tena, mbali zaidi. Kima wakanyamaza.

Rajan alijisugua kichwa. "Umesema nini?"

"Nimekupa pole. Umeumia."

"Lakini si wewe uliyenigonga."

"Kwetu tunasema hata kama si sisi."

Akafikiri. "Mnyama ameondoka."

"Nimeona."

Tulisubiri mpaka jua likawa kali. Hakurudi. Tukiwa njiani kutoka, Rajan aliuliza kofia ni ya nani. Nikamweleza. Akasema, kwa matamshi mabaya, "Pole." Msibani nilipewa pole nyingi, nikaitikia bila kuzisikia. Hii niliisikia.

Niliporudi Barking, Bi Kokila alinipokea mlangoni pa duka. "Haya, umemwona?"

"Sikumwona. Nilimpa mwongozaji pole, akakimbia."

"Mwongozaji?"

"Chui."

"Masikini wee! Si ungesema tu umemwona? Nani angejua?"

"Mimi."

Nilichojifunza ni kidogo. Elia angekuwa kwenye jipu lile, pole angeitoa yeye kwanza, kwa sauti kubwa kuliko yangu. Hata tungekwenda wawili, chui tusingemwona.