Vijiti Vyekundu Kando ya Kisima

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja likizo kutoka Nairobi na kamera, kofia pana na mdomo. Kutwa kucha ni vipepeo tu. Mume wangu alipochoka kumsikiliza akanisukumia mimi: "Wewe unajua Kiborana, mpeleke porini." Kisha akajifunika blanketi. Haya bwana.

Tulichukua boda alfajiri pale Wabera, mjini Isiolo, tukashuka njia ya Kipsing na kufuata laga kwa miguu. Laga ni mto wa mchanga. Mvua ikikata, maji hujificha chini na wafugaji huyachimbia visima. Njiani shemeji alinieleza mara mbili kwamba kiangazi vipepeo hufuata mchanga uliolowa. Mara mbili! Nilizaliwa hapa, nimewafukuza vipepeo hao kabla yeye hajajua kuvaa viatu. Nilitamani jua limpige hadi anyamaze.

Vipepeo tuliwakuta kando ya kisima kilichozungushiwa miiba, pale mbuzi hunyweshewa. Weupe na wa manjano, wamebanana kwenye tope. Walipendeza, na nikakasirika zaidi, maana sasa alikuwa na haki ya kufurahi.

Akatoa vijiti vyenye utepe mwekundu, akaanza kuvichomeka kuzunguka kisima. Eti kila siku apige picha kutoka sehemu zile zile; akapiga moja kwa kila kijiti.

"Ng'oa hivyo," nikamwambia. "Huku utepe mwekundu ni wa wapimaji wa ardhi. Wakishapita wao, watu huambiwa wahame."

"Shemeji, wacha ushamba. Ni vipepeo tu."

Ushamba! Mimi! Nikainama kuving'oa mwenyewe, na hapo ndipo mama mmoja akatokea juu ya ukingo na mbuzi wake, dumu tupu mgongoni.

"Salaam aleikum, mama," nikasema.

Hakuitikia. Isiolo mtu akikunyima salamu, ujue amekuweka kundi gani. Alivitazama vijiti vilivyobaki ardhini, kisha vile vilivyokuwa mkononi mwangu.

"Nani amewatuma?"

"Hakuna, mama. Tunatazama vipepeo." Nikarudia kwa Kiborana, nikiapa.

"Kipepeo inapimwa na utepe?"

Shemeji naye, mjinga yule, akaona dawa ni kumwonyesha picha. Akamsogezea kamera. Vipepeo walikuwa wadogo mno kwenye kile kioo. Kilichoonekana ni kisima, mbele, nyuma, kulia, kushoto.

Mama alizitazama zote.

"Hii kisima ilichimbwa na baba yangu," akasema. "Mkichukua hii, mbuzi napeleka wapi? Kwenu?"

"Hatuchukui kitu, wallahi!" nikapiga kelele. Nilikuwa na hasira na shemeji, na mume wangu aliyelala, na hata na huyu mama kwa kutoniamini. Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno na hakuna hata moja lililomfaa.

Alitua dumu. Nilidhani anateka. Badala yake aliondoa miiba, akapiga magoti na kuanza kusukumia mchanga kisimani kwa mikono yote miwili. Vipepeo wakaruka wote kwa mpigo. Mbuzi walilia, wakimsukuma mgongoni kwa vichwa. Hakugeuka hadi shimo lilipolingana na ardhi.

Akasimama, akajifuta mikono kwenye leso.

"Sasa kaandikeni," akaniambia. "Hapa hakuna maji."

Akawaswaga mbuzi wake kurudi walikotoka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekunywa.