Bibi wa Chumba cha Mvuke

Hili ninalokueleza limenipata mimi mwenyewe, kwa mwili wangu huu huu, mchana kweupe, na sikuwa nimekunywa kitu chochote zaidi ya samli. Cheka tu. Hata mimi mwanzoni nilicheka. Waliokuwepo siku ile wapo hai, na mmoja wao mpaka leo hunipigia simu, ingawa siku hizi namba yake ikitokea naangalia kwanza nani yuko karibu ndipo niipokee.

Mimi ni mtu wa Makambako. Nauza spea za malori. Baba yangu alifika hapa kutoka Kondoa akiwa utingo, akaoa, akazeeka, na tumemzika hapa hapa. Nimekulia barabarani, katikati ya honi na watu wa kila kabila, kwa hiyo sitishiki ovyo. Ungeniambia zamani kwamba mtu anaweza kutokewa na kitu saa tisa alasiri, ningekuuzia taa ya lori ukakimulike vizuri.

Lakini mke wangu Rehema alipofariki, nilikwisha. Aliugua siku nne tu. Baada ya hapo kwa miezi minane sikulala usingizi wa maana. Nikifumba macho namwona amesimama miguuni pa kitanda, ananitazama tu, hasemi kitu. Asubuhi dukani nampa mteja bearing akiwa ameomba fan belt. Siku moja nilimsahau binti yetu Nasra shuleni mpaka magharibi. Ana miaka saba. Nilimkuta amekaa peke yake kwenye ngazi, amekumbatia begi lake, na hakulia hata kidogo. Hilo ndilo lililonivunja. Dada yangu Mwanaidi, aliyekuwa amehamia kwangu kutusaidia, aliniambia bila kunionea haya: "Kaka, usipojitibu utamfanya huyu mtoto yatima wa pande zote mbili."

Yeye ndiye aliyesikia habari za mafungo ya Njombe. Kuna dada mmoja wa Kikinga aliyesomea tiba ya Ayurveda huko India, amekodi nyumba nje ya mji, kwenye misitu ya mipaini, na huko anapokea watu wachache kwa siku saba. Wanasafishwa mwili, wanatulizwa roho, kila mtu anamwomba Mungu kwa dini yake. Tulimwita Mwalimu. Nilikwenda na mswala wangu na masweta mawili, na bado baridi ya Njombe ilinidhalilisha. Tulikuwa wanne. Mmoja alikuwa mke wa mchungaji, wa pili mwalimu mstaafu kutoka Mdandu, wa tatu kijana mwenye vidonda vya tumbo, na wa nne mimi.

Kila alfajiri unakunywa samli ya moto, na kila siku kipimo kinaongezwa, mpaka ukipiga mbweu unanuka kama jiko la pilau. Chakula ni uji wa mchele na choroko. Halafu unalazwa kwenye meza ya mbao, unakandwa mafuta ya ufuta kichwani hadi vidole vya miguu, ndipo unaingizwa kwenye mvuke. Mwalimu alitueleza kwamba mafuta na joto vinaulegeza uchafu uliojificha ndani, na siku ya sita unakunywa dawa ya kuharisha ili utoke wote. Na kulikuwa na sharti moja kubwa, la kunyamaza. Kuanzia samli mpaka jua kuzama hakuna kusema, hata salamu. Ukitaka kitu unaandika kwenye karatasi. Mtu wa Makambako kunyamaza kutwa nzima! Lakini nilijitahidi.

Sasa sikiliza kuhusu lile sanduku la mvuke. Sisi wengine tumezoea kupiga nyungu chini ya blanketi. Kule ni sanduku la mbao, unaingia na kukaa kwenye kigoda, wanafunga milango yake kwa komeo la nje, na kichwa chako kinabaki juu kwenye tundu la shingo, kimefunikwa kitambaa chenye maji. Mvuke wa majani ya mkaratusi unakuja kwa bomba kutoka kwenye pipa linalochemka nje. Mikono iko ndani, miguu iko ndani. Ukiwashwa pua, shauri yako.

Siku ya tano, saa tisa alasiri, Festo aliyekuwa akinikanda alinifungia humo, akaninyooshea vidole kumi kwamba dakika kumi tu, akatoka kuongeza kuni. Mlango wa chumba hakuurudishia vizuri. Ukungu ukaanza kuingia taratibu. Nilikuwa nasikia shoka lake nje, ko, ko, na nilikuwa nimetulia kabisa.

Nilipoinua macho, palikuwa na bibi amesimama mbele yangu.

Alikuwa bibi wa kawaida kama hao unaowaona gulioni, sweta la kijani lililochakaa na kitenge, peku. Nikadhani ni jamaa wa mpishi amekuja kuomba chumvi. Akanitazama akanisalimia kwa lugha ya huko, "Kamwene, baba."

Nikanyamaza. Sharti ni sharti. Akarudia, kwa upole zaidi, "Kamwene."

Jamani, niambie wewe ungefanyaje. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa hasubiri salamu, wewe mdogo ndiye unayemwahi. Huyu ameshanitangulia mara mbili, na mimi nimemkodolea macho kama mjusi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema, akasogea, akachuchumaa usawa wa uso wangu. "Wanakutoa nini humo?"

Na mimi, badala ya kufunga mdomo, nikafunguka. Sijui ni joto, sijui ni siku tano za ukimya. Nikamweleza habari za Rehema, jinsi alivyoondoka, jinsi anavyosimama miguuni pa kitanda, na kwamba nimechoka, nataka anitoke nipate kumlea mtoto. Yaani nilimwambia mtu nisiyemjua maneno ambayo hata dada yangu sikuwahi kumwambia.

Nikiwa bado nasema ndipo nilipoanza kuona mambo. Pumzi yangu ilikuwa inatoka kama moshi kwa ile baridi. Yeye alizungumza karibu kabisa na uso wangu, na kinywani mwake hapakutoka kitu. Nikatazama miguu yake. Nje nyasi zilikuwa zimelowa chapachapa, lakini nyayo zake zilikuwa kavu, zina vumbi la kiangazi. Nikasukuma mlango wa sanduku kwa magoti, komeo likakataa.

"Basi nipe mimi," akasema. "Mimi nina baridi, na sina mtu wa kukaa naye."

Akakinga mikono yake miwili, kama watu wa huku wanavyopokea kitu kwa heshima, na akabaki hivyo. Mikono ya mkubwa ikikingwa mbele yako haiachwi mitupu. Hilo hukulijua kwa kufundishwa, umekua nalo tu. Nilitaka aondoke, nilitaka Festo arudi, na hata sauti ya shoka nilikuwa siisikii tena. Wallahi nilidhani nikimkubalia ataondoka.

Nikasema, "Chukua, bibi."

Akanifuta uso. Alitumia kile kitambaa cha kichwani kwangu, kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, mara moja tu, polepole, kama mama anavyomfuta mtoto makamasi. Vidole vyake vilikuwa baridi kuliko maji ya bomba ya asubuhi. Kisha akainuka akatoka na kile kitambaa. Nikapiga ukelele ambao nadhani uliwafikia watu wa barabara kuu.

Festo alikuja mbio na shoka mkononi. Aliapa kwamba hakuna mtu aliyepita, na njia ni moja tu, inapita pale pale alipokuwa anapasulia kuni. Kitambaa tulikitafuta hatukukiona. Mwalimu alipofika, mara ya kwanza nilimwona amekasirika. Aliniuliza kama nilisema neno lolote, nikamwambia yote. Akakaa chini kwenye sakafu yenye mafuta, na shuka lake jeupe. Akasema ukimya ule si wa mapambo. Mtu akishalegezwa kwa mafuta na moto, kila kilichomo ndani yake kiko mlangoni, na mdomo ndio mlango wenyewe. Nikamwuliza kama anamfahamu yule bibi. Akainuka akaurudishia mlango wa chumba vizuri.

Sasa hapa ndipo penye hofu yenyewe. Jioni ile nililala. Nililala kama mtoto, mpaka wakaniamsha kwa kunitikisa, na siku iliyofuata vivyo hivyo. Nikarudi Makambako nimenawiri, njaa ipo, kichwa chepesi. Mwanaidi akashukuru Mungu. Nikaingia sebuleni, nikaona ukutani picha ya mwanamke amevaa nguo za harusi, nikamwuliza dada yangu, huyu nani?

Alidhani natania. Kisha akaona usoni kwangu kwamba sitanii.

Nielewe vizuri. Najua nilioa. Naikumbuka siku ya harusi, nakumbuka mvua ilinyesha, naikumbuka mpaka bei ya mbuzi. Najua nilizika, na kaburi naliona. Lakini yeye mwenyewe hayupo. Uso hakuna, sauti hakuna, harufu hakuna. Wananionyesha picha, naona mwanamke mzuri nisiyemjua, na nikigeuka tu simkumbuki tena. Shehe amenisomea mara tatu. Nasra akiniuliza mama yake alikuwa anacheka vipi, nababaika. Mwanzoni nilijaribu kubuni, akanisikiliza, halafu akaniambia, "Siyo hivyo, baba." Sijawahi kuona aibu kama hiyo.

Mwezi uliopita Festo alinipigia. Nilikuwa mezani, simu nimeiweka spika kwa sababu nilikuwa nakula. Akaniambia Mwalimu amekifunga chumba cha mvuke. Mama mmoja kutoka Makete alikuwa ndani ya sanduku, na bibi wa sweta la kijani alimtokea. Safari hii bibi hakuwa peke yake. Nyuma yake alisimama mwanamke kijana, mrefu, ana alama nyeusi chini ya jicho, jino la mbele limemeguka, na akitembea mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Bibi ndiye aliyesema. Yule kijana hakutamka neno. Alikuwa anainama kumtazama usoni mtu aliyemo kwenye sanduku, kisha anatikisa kichwa, kama anayetafuta mtu wake akamkosa.

Nikasema moyoni, masikini, huyo naye ni marehemu wa nani? Nilitaka kumpa Festo pole nikate simu. Nikaona Mwanaidi ameacha kuchambua maharage, machozi yanamtiririka. Nasra akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake.

"Baba," akasema, "huyo si mama?"

Mwanaidi anataka nirudi Njombe nikamwombe yule bibi anirudishie Rehema. Kila siku ananiambia hivyo, na kila siku natafuta sababu. Naogopa, nakwambia ukweli. Simwogopi sana yule bibi. Naogopa kwamba nitasimama pale, Rehema apite mbele yangu akinitazama usoni, na mimi nimpishe kama mpita njia.

Kwa hiyo wewe uliyefiwa, unayejigeuza kitandani, nisikilize. Nenda ukatibiwe, tiba si mbaya, na Mwalimu ni mtu mwema. Lakini ukiambiwa nyamaza, nyamaza, hata aje mkubwa wa namna gani. Na ukiomba, omba upate usingizi, usiombe mtu wako akutoke. Mimi sasa nalala vizuri sana. Nasra ndiye asiyelala.